Mlango Usiosikia Hodi

Kila asubuhi, saa moja kamili, sauti moja ilishuka kutoka mwezini na kuingia katika nyumba elfu nne za jiji la Tabora bila kupungua hata chembe. Ilikuwa sauti ya mnadi wa machimbo, akisoma majina ya wachimbaji walioamka salama. Mama mmoja wa mtaa wa Isevya aliisikia akikoroga uji, na fundi cherehani wa Kiloleni aliisikia akitia uzi kwenye sindano, wote kwa wakati mmoja.

Mwenye kufanya ajabu hiyo alikuwa kipanganjia, mtambo mdogo kama sanduku la bati, uliofukiwa kila penye njia panda ya nyaya. Sauti haikunakiliwa mara elfu nne huko juu. Ilisafiri moja tu, ikapokewa na sinia kubwa la kunasia na kurushia sauti lililoko Itetemia, na ilipofika njia panda ndipo kipanganjia kikaigawa: moja iende Isevya, moja Kiloleni, na pasipo na msikilizaji isiende kabisa. Watu wa Tabora hawakuona kitu kigeni hapo. Mji wao ulizaliwa njia panda. Zamani ilikuwa misafara, kisha ikaja reli, mabehewa ya Mwanza yakikatwa huku na ya Kigoma kule. Sasa zilikuwa sauti.

Bi Kalunde alikuwa fundi mkuu wa vipanganjia hivyo kwa miaka ishirini na saba. Asubuhi ya siku ya jaribio alifika kituoni mapema, akavua viatu, akavaa ndara zake za ofisini, akavuta saraka ya meza. Ndani yake palikuwa na kijitabu chenye safu ndefu za hesabu. Alipiga hesabu ya siku hiyo kwa kalamu ya risasi, taratibu, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na mmoja, kisha akaandika: 22.

"Leo yuko wapi?" aliuliza Chilongani, fundi mwenzake, akiingia na birika la chai.

"Dakika ishirini na mbili."

Mwingine asingeelewa, lakini Chilongani alielewa. Mrisho, mume wa Bi Kalunde, aliondoka na chombo kilichoitwa Igombe kwenda kwenye mkanda wa mawe makubwa yanayozunguka kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka wa pili mtambo wa sauti wa chombo uliungua. Walioona kwa darubini walisema Igombe bado iko, imeng'ang'ania jiwe lake, inazunguka nalo. Kama waliomo wako hai, hakuna aliyejua. Ndugu za Mrisho walisoma hitima mwaka wa tano. Bi Kalunde aliwapikia pilau, akawahudumia vizuri sana, na yeye mwenyewe hakula. Kesho yake akarudi kwenye hesabu zake: jiwe lile leo liko mbali kiasi gani, na sauti ingechukua dakika ngapi kufika nyumbani.

"Ninyi Wanyamwezi," alisema Chilongani akimimina chai, "babu zenu walibeba mizigo kichwani hadi pwani. Wewe umebeba mtu mmoja miaka kumi na mmoja, hata kumtua hutaki."

"Na babu zako Wagogo walikuwa wamekaa njiani wanatutoza hongo ya maji. Leta chai, usinitoze."

Walicheka, kisha wakageukia kazi, kwa sababu wote wawili walijua siku ile ilikuwa siku gani.

Mpaka siku hiyo jiji lilikuwa likitumia Njia ya Baraza. Kila kundi la wasikilizaji lilikuwa na namba yake. Aliyetaka kusikiliza alijiunga na namba hiyo, na aliyetaka kusema aliisemea, yeyote awaye, kama mtu apitaye mtaani anavyoweza kuketi barazani na kutia neno. Ilikuwa njia ya watu waungwana, na wasio waungwana waliijua pia. Zilianza kuingia sauti bandia, zilizofinyangwa na mashine, zikiiga watoto walioko mwezini. Bibi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliambiwa na sauti ya mjukuu wake afungue mlango wa uani, akaufungua.

Bi Kalunde mwenyewe ziliwahi kumfikia. Jioni moja sanduku la sauti lilisema, "Kalunde, ni mimi Mrisho, nisikilize." Sauti ilikuwa yake kabisa, pamoja na ule mkwaruzo wa tumbaku. Lakini Bi Kalunde alilizima pale pale. Sauti ile ilikuwa imeingia bila kubisha hodi.

Kwani Mrisho hakuwahi kuingia mahali bila hodi, hata kwake mwenyewe. Alisimama uani na mkoba wake, akapiga hodi, akangoja, akapiga tena. Majirani walimcheka. "Mtu unabisha hodi kwako?" Naye alijibu, "Nyumba ni ya mwanamke. Mimi ni mpangaji, tena wa muda." Na kama Bi Kalunde alikuwa kisimani asimsikie, Mrisho alibisha ya tatu, akangoja kadiri ya adabu, kisha akaondoka kwenda kukaa kwa jirani. Ndiyo mila: hodi ni tatu, ya nne ni ukorofi.

Njia mpya iliitwa Mwito wa Jina. Kwa njia hii, kujiunga na kundi hakukutosha. Kila nyumba ilipaswa kukitajia kipanganjia vitu viwili: namba ya kundi, na namba ya msemaji inayemtaka. Kipanganjia kingeifuata namba hiyo hatua kwa hatua hadi kwa msemaji mwenyewe, na kuleta sauti yake peke yake. Wengine wote, hata wapige kelele namna gani, wangeishia kwenye sinia. Mgeni hakubisha hodi tena. Mwenye nyumba ndiye aliyekwenda kumwita.

Bi Kalunde ndiye aliyeichora njia hiyo, na alijua ubaya wake kuliko mtu yeyote. Huwezi kumwita mtu usiyejua namba yake. Mtambo wa Igombe uliungua na namba yake. Kama Mrisho angesema siku moja, angesema kwa mtambo wa kuungaunga, uliofumwa kwa mabaki, nao ungejipa namba mpya isiyoandikwa popote duniani.

"Nakuachia nyumba yako wazi," alisema Chilongani kwa sauti ya chini. "Moja tu kati ya elfu nne. Nani atajua?"

"Mimi."

"Bi Kalunde..."

"Jaribio lenye tundu si jaribio, mtani. Nikiacha tundu langu, kesho utaacha la shangazi yako, na mwizi atapita kwa shangazi yako." Akaandika namba ya nyumba yake kwenye orodha ya kufungwa, mkono ukiwa imara. Alikuwa mtu wa kujivunia kazi safi, na asubuhi hiyo fahari yake ilimfaa kama fimbo imfaavyo kiguru.

Saa mbili kamili walianza. Kwanza waliweka msemaji wa majaribio kwenye sinia, wakaiamuru nyumba ya mfano ya mtaa wa Cheyo imwite kwa namba yake. Ubao wa kipanganjia ukaandika mstari mmoja: msemaji fulani, kundi fulani, mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea. Sauti ikafika safi. Kisha wakaweka msemaji wa pili, asiyeitwa na mtu, wakamwagiza apige kelele katika kundi lile lile. Kule Cheyo kukawa kimya. Mwisho Chilongani alitengeneza mwizi wa majaribio, akamvika namba ya msemaji wa kweli, akamwingiza kwa upande wa Kitete. Kipanganjia kikauliza: msemaji huyu njia yake ni ya wapi? Njia yake ni ya Itetemia. Basi huyu wa Kitete ni mwongo. Kikamtupa nje.

"Mashine imekataa rushwa," alisema Chilongani. "Itakufa maskini."

Walirudia majaribio hayo mtaa kwa mtaa hadi saa sita mchana. Hapakuwa na kosa hata moja. Mkurugenzi Tumpale, mama kijana aliyekuwa akisimamia mawasiliano ya jiji, aliingia na hati mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia mambo ni mazuri. Bado saini yako tu."

"Nimalize daftari la waliokataliwa," alisema Bi Kalunde. Ndiyo kawaida ya fundi mzuri: haangalii waliopita tu, huangalia na waliorudishwa.

Daftari hilo lilijiandika lenyewe katika kipanganjia cha Itetemia. Kwa kila asiyeitwa kiliandika saa, namba na urefu wa sauti, basi. Maneno yenyewe hayakuwekwa. Kipanganjia hakihifadhi kisichoombwa na mtu. Bi Kalunde alishuka na kidole. Mwizi wa Chilongani, mara mia mbili. Msemaji wa pili, mara mia tatu. Kisha kidole kikasimama.

Palikuwa na namba asiyoijua. Si ya jaribio wala ya machimbo. Ilibisha saa tatu na dakika sita, kwa sekunde moja na nusu. Ikabisha tena saa tatu na dakika hamsini, sekunde moja na nusu. Ikabisha saa nne na dakika thelathini na nne, sekunde moja na nusu. Baada ya hapo haikubisha tena.

"Chilongani. Toka tatu na sita hadi tatu na hamsini ni dakika ngapi?"

"Arobaini na nne."

"Toka hapo hadi nne na thelathini na nne?"

Chilongani alihesabu, kisha akaliweka birika chini polepole. "Arobaini na nne."

Mkurugenzi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kuna nini?"

Bi Kalunde alivuta saraka, akaweka kijitabu mezani. Ishirini na mbili. "Sauti inachukua dakika ishirini na mbili kutoka kule hadi hapa. Jibu linachukua ishirini na mbili kurudi. Mwizi aliyeko Tabora hana haja ya kungoja. Mashine iliyoharibika hainyamazi baada ya tatu. Huyu amesema neno fupi, akangoja muda wa jibu kwenda na kurudi, ndipo akasema tena. Mara tatu. Kisha akaondoka."

"Mama, huenda ni..."

"Huenda. Nami nilikuwa nimeketi hapa. Jana, kwa njia ya zamani, ingelia nyumbani kwangu. Leo nimeifunga kwa mkono wangu, tena nikasifiwa."

Nje, mnada wa asali ulikuwa ukiendelea upande wa stesheni, watu wakicheka.

"Nipe sinia," alisema Bi Kalunde. "Naomba, mwanangu. Kwa neno moja."

Kulitumia sinia kubwa kwa shughuli ya mtu binafsi hakukuruhusiwa. Mkurugenzi aliikunja hati, akaitia mkobani. "Bado hujasaini," alisema. "Kwa hiyo bado tuko kwenye jaribio. Jaribu."

Kwanza Bi Kalunde alikifungulia kipanganjia nyumba yake, akataja vitu viwili: kundi, na namba ile. Mstari mpya ukatokea ubaoni, na mlango wake wa kuingilia ulikuwa Itetemia. Kisha akainamia kinasa sauti. Miaka kumi na mmoja alikuwa ametunga maneno mengi ya kusema, na yote yalimtoroka.

"Karibu," alisema.

Ilikuwa saa sita na dakika nne. Neno lingefika saa sita na dakika ishirini na sita. Mgeni, kwa hesabu ya adabu, alikuwa ameshaacha kungoja tangu saa tano kasoro dakika nne, wakati jibu la hodi yake ya tatu lilipopaswa kumfikia.

"Amekwisha kuondoka," alisema Chilongani kwa huruma.

"Mgeni aliyekosa mtu hatembei haraka," Bi Kalunde alijibu. "Hutembea akigeuka nyuma. Huitwa akiwa njiani, akarudi."

Saa sita na dakika arobaini na nane ilifika, ikapita. Ubao ulibaki na mstari wake, na mbele ya mstari palikuwa na sifuri. Bi Kalunde akainama tena. "Karibu." Akangoja nyingine arobaini na nne. Chai ikapoa. Mkurugenzi, ambaye alikuwa na kikao, hakwenda. Ilipofika saa saba na nusu na dakika mbili, Bi Kalunde akasema ya tatu, kwa sauti ile ile, isiyopanda wala kushuka. Hodi ni tatu. Karibu nazo, aliona, zisizidi tatu kwa siku.

Jibu halikuja.

Saa nane na robo na dakika moja alivuta hati, akaisoma yote, akasaini. Mtambo ulikuwa haujakosea. Ulifanya kile alichoutuma, na hakuwa mtu wa kuandika uongo juu ya mtambo. Lakini chini ya saini aliongeza mstari kwa mwandiko wake wa mviringo: *Mgeni mmoja alibisha, akarudishwa. Naagiza kila asiyeitwa atangazwe kwa watu, namba yake na saa yake, apate wa kumwita.* Mkurugenzi aliusoma, akagonga muhuri juu yake.

Ndiyo sababu hadi leo, katika jiji la Tabora, baada ya majina ya wachimbaji, husomwa namba za waliobisha. Wengi wao ni wezi, na watu hucheka.

Bi Kalunde alistaafu mwaka uliofuata, akachukua kijitabu chake. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameacha mlango wazi kwa yeyote, akimngoja mtu mmoja. Sasa mlango wake ulikuwa umefungwa kwa dunia nzima isipokuwa namba moja. Mkurugenzi alimwachia neno moja la sinia kila asubuhi, akaliandika katika ratiba kama jaribio la kudumu. Basi kila asubuhi alipiga hesabu kwa kalamu ya risasi: kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Akasema karibu yake. Akaweka maji ya chai jikoni, moto mdogo, yasichemke kabla ya wakati.