Kinyonga wa Mkia Uliokatika

Kila asubuhi kabla ya kengele, Husna wa darasa la sita huko Vugiri huchonga penseli yake kwa wembe. Jumatatu hiyo aliichonga mpaka ikavunjika, maana hasira zilikuwa zimempanda.

Mwalimu Getruda alikuwa amewapa yeye na mwenzake Mdoe kazi ya maonyesho ya Korogwe. Husna amchore kinyonga wa mlimani kwao. Mdoe, aliyekuwa akienda kumsalimia shangazi yake ng'ambo ya bonde la Lwengera, amchore wa milima ya huko. Husna alilowa mvua msituni siku mbili. Sasa mchoro wa Mdoe ulikuwa mezani, na kinyonga wake alikuwa na mkia uliokatika ncha, sawasawa na yule wa Husna.

"Aliyekatika mkia ni wangu," Husna alisema. "Wewe wako umemwona wapi?"

Mdoe aliinamisha kichwa. "Nawaogopa vinyonga. Nikaona kinyonga ni kinyonga tu, nikauiga wako. Kwetu Chanika unatembea kutwa nzima, unakuta yuleyule."

"Kwenu tambarare. Mimi nanyeshewa, wewe unakunywa chai kwa shangazi."

"Usiseme, Husna. Tutakosa safari ya Korogwe."

Husna aliitaka safari ile kuliko kitu chochote. Hilo lilimkasirisha zaidi. Alichukua michoro yote miwili akaenda nayo ofisini, Mdoe nyuma yake.

"Shikamoo, mwalimu. Mchoro mmoja hapa ni wa uongo."

Mwalimu alipousikia mkasa wote, aliuchana mchoro wa Mdoe vipande viwili. "Jumatatu ijayo nataka wa kweli. La sivyo, haendi mtu."

Jumatatu Mdoe alileta karatasi yenye mistari iliyotetemeka. Shangazi ndiye aliyemshikia tawi alilokaa kinyonga. Kinyonga wake alikuwa na pembe mbili ndefu puani, wakati za yule wa Husna zilikuwa fupi.

"Mnaona?" alisema Mwalimu Getruda. "Hawa wanataka ubaridi wa msitu. Bonde lina joto, hawalivuki. Miaka mingi mno kila upande umezaliana peke yake, mpaka wakawa aina mbili. Tambarare hakuna kinachowatenga. Mdoe, ungeachwa na uongo wako, ungekuwa umemfuta kiumbe mzima karatasini. Kabla hujaandika, nenda ukatazame."

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe, Husna."

Husna alikuwa bado amenuna. Lakini alimsogezea penseli aliyoichonga vizuri, ili Mdoe aandike jina lake chini ya mchoro wake mwenyewe.