Matonge ya Talib

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne Mei, mwaka 2025, saa nne na robo za asubuhi, ndani ya chumba kidogo cha tiba huko Mji Mkongwe. Feni ya chumba hicho ilikuwa haizunguki. Barua ya kuombea fundi ilikuwa juu ya meza ya mkubwa mmoja tangu mwaka juzi, na mkubwa alikuwa semina. Ndivyo tunavyotibiwa.

Rukaiya alikaa mbele ya bakuli la kunde na kikombe kitupu. Alivaa buibui lenye tarizi ya fedha mikononi na ushungi wa zambarau, tena amejifukiza udi kama anayekwenda harusini, kwa sababu hicho kilikuwa kipimo cha mwisho. Talib, mumewe, alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, anatoka jasho.

"Bismillahi, Bi Rukaiya," alisema Nidhi, binti wa tiba kwa vitendo anayezoeza viungo vya wagonjwa, kashika saa. "Moja moja, kwa mkono wa kulia."

Mkono ukaenda. Vidole vikafunguka kidogo, vikaigusa kunde, kunde ikateleza. Dakika ilipokwisha zilikuwa zimeingia kikombeni kunde mbili. Wiki sita nyuma, zilikuwa mbili vilevile.

Nidhi akafungua daftari la nyumbani, akapitisha kidole kurasa zote. "Kila siku masaa sita ya mazoezi. Kila mstari una tiki. Hakuna hata siku moja iliyorukwa." Akalifunga polepole. "Sitaki kukudanganya, Bi Rukaiya. Mtu akifanya yote haya na mkono ukabaki palepale, basi njia hii si yake. Wakubwa wa utafiti wameamua watakaofuatwa nyumbani ni waliopata nafuu tu. Wewe unaishia hapa."

"Kwa hiyo mkono umekufa?"

"Sikusema umekufa."

"Umesema hauna dawa, mwanangu. Ni mamoja."

Talib akatazama sakafu. Tiki zote za daftari lile, arubaini na mbili, alizitia yeye.

Walikutana Mlandege miaka miwili nyuma, siku tatu kabla ya Sikukuu, dukani kwa Abid, wakati watu wanasukumana hata pumzi haipiti. Talib alikuwa fundi wa makochi, mjane wa miaka minne, mwenye nywele zilizoanza mvi na ulimi uliokwisha kuchacha kwa kuwasema wakubwa. Alishika kofia ya vitobo, akaigeuza kwenye mwanga.

"Aliyeshona hii ana macho ya mwewe au ana wazimu," alisema.

"Ana vyote viwili," sauti ikamjibu nyuma. "Na hiyo ya kichwa kidogo. Yako wewe inataka kitambaa cha shuka."

Abid akacheka mpaka akaegemea kabati. Talib akageuka, akaona mwanamke wa miaka arubaini na kitu, kabeba mfuko wa kofia, macho yamejaa utani. Akanunua kofia isiyomtosha. Kesho yake akarudi kuilalamikia. Kesho kutwa akaomba nambari ya simu, ati ya malalamiko.

"Mteja gani huyu anapiga simu saa moja asubuhi?" Rukaiya alikuwa akimuuliza.

"Mteja ambaye kofia inambana."

"Inakubana kichwa au moyo?"

Kabla ya mwaka kwisha walioana. Tena walipendana kwa kelele, majirani wakijua kila wanachochekea. Halafu mwezi wa Januari, mwaka 2025, kiharusi kikampiga Rukaiya asubuhi moja akiwa na sindano mkononi. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi. Mkono wa kulia ukalala.

Nidhi ndiye aliyewaita kwenye utafiti, siku mbili baada ya Sikukuu. Aliwaeleza kwa subira. Mkono mzima huwa unachukua kazi zote, na ule mgonjwa unazidi kusahauliwa. Mzima ukivikwa mfuko mnene, usiweze kushika kitu, basi ubongo hauna budi kuutafuta ule mgonjwa. Mtu wa nyumbani asimamie, aandike daftari.

"Mnamfunga mgonjwa mkono!" Talib alisema. "Ndio utafiti wenyewe huo?"

"Mume wangu, mimi nshafungwa na wewe mzima mzima," Rukaiya akamwambia. "Mkono mmoja utanishinda?"

Siku ya kwanza ilikuwa wali na mchuzi wa pweza. Mfuko ulikuwa mkono wa kushoto, na kijiko alichopewa na Nidhi, chenye mpini ulioviringishiwa sponji, kilikuwa mkono wa kulia. Wali ulifika kidevuni, ukaporomokea kifuani, ukaenda mapajani. Mwatum, dada yake, alikuja kumwangalia, akatoka nje kujifanya anaanua nguo. Rukaiya alicheka, lakini sahani aliisukuma ikiwa imejaa.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Talib hakulala. Alikuwa akimuona Salhiya, mke wake wa mwanzo, aliyelazwa wodini usiku wa mwisho wa maisha yake. Talib alisimama getini na chupa ya uji, akaambiwa na bwana wa getini saa za kuangalia wagonjwa zimekwisha, ndiyo amri ya wakubwa. Asubuhi mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwambia, "Alikuwa anauliza uji." Tangu siku hiyo Talib alikuwa na watu wa kuwalaani, na aliwalaani kila alipokula.

Kwa hiyo siku ya tatu alikivuta kijiko cha sponji, akakiweka kando, akaosha mkono.

"Nimempigia Bi Nidhi," alisema. "Kasema kula si hoja. Mazoezi yako ya mchana yanatosha."

"Kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Hebu fungua mdomo, kinda langu."

Rukaiya akafungua. Tonge la kwanza likaingia, na Talib akahisi kitu ambacho hajakihisi miaka sita. Palikuwa na mtu mwenye njaa, na hapakuwa na geti. Akirudi kazini akawa anauvua hata ule mfuko, anausugua mkono mzima kwa mafuta ya nazi, anamfunga vifungo, anamchana nywele. Akimaliza, analichukua daftari na kutia tiki. Mwanzo alitia akiwa na hofu. Baadaye alitia huku akipiga mluzi. Wakubwa wanataka tiki, basi nawapewe.

Alipenda kuhitajiwa, na hilo hakumwambia mtu.

Jioni ya ile Jumatano Rukaiya alimwita Mwatum, akampa mkebe wa sindano na kofia iliyokuwa nusu. "Nimalizie wewe. Mimi yangu yamekwisha."

"Wamekuchezea hao," Mwatum alisema. "Wamekuandika, wamekupima, wamekutupa."

"Ndio kawaida yao," Talib akasema.

Rukaiya akachukua simu, akaweka sauti ya wazi. "Bi Nidhi! Wewe ndiwe uliyesema nilishwe. Ndiwe uliyesema kula si hoja. Sasa unanambia nimefanya yote na mkono hauna tamaa?"

"Ulishwe?" Nidhi aliuliza. Halafu sauti ikalainika, kama mtu anayeogopa kumtonesha mgonjwa. "Bi Rukaiya, labda sikueleza vizuri. Nisamehe. Nilikutia tamaa mapema."

Binti wa watu anaomba radhi kwa kosa asilolijua. Talib aliona uso wake mwenyewe kwenye kioo cha kabati, akaona ni uso wa yule bwana wa getini.

"Rukaiya, kata simu."

"Naam?"

"Sikumpigia. Hajasema kitu. Ni mimi."

Alitegemea apigwe kelele. Rukaiya aliweka simu chini taratibu, kwa mkono wa kushoto.

"Zile tiki?"

"Zote."

"Nawe umeniacha leo nikae pale, nijione nimeshindwa."

"Nilikuwa naona unamwaga chakula, na mimi nimeshamwona mtu kafa na njaa…"

"Ulikuwa unamlisha Salhiya, Talib. Na mkono uliokuwa ukifa ni wangu."

Alivaa buibui mwenyewe, vifungo viwili vikabaki wazi, akatoka na Mwatum kwenda kukaa kwake, huko Mtoni.

Siku ya pili yake Talib alipiga simu, akapokea Mwatum.

"Shemeji, anasema hayupo."

"Kasema mwenyewe?"

"Kasema mwenyewe. Yuko hapa ananitumbulia macho."

Jumatatu akaenda kwa Nidhi, akakiri kila kitu akiwa amesimama. Nidhi alivua miwani.

"Bwana Talib, unajua nimewaandikia wakubwa wa utafiti nini? Kwamba mama wa miaka arubaini na sita kafanya yote na hakupata kitu. Watasoma watu, watawaamulia wagonjwa wengine kwa daftari lako."

"Futa."

"Leo hii nitawaandikia. Jina lako sitalitaja. Kosa nitalitaja."

Talib alitafuta mtu wa kumlaumu humo chumbani. Palikuwa na feni mbovu tu, na feni haikutia tiki hata moja.

"Na mkono wake?"

"Kwenye utafiti hatorudi. Lakini Jumapili ni siku yangu mwenyewe. Nitakwenda Mtoni. Ukitaka, njoo."

Jumapili nyumba ya Mwatum, karibu na magofu ya kasri, ilinukia mchuzi wa nazi. Rukaiya alikaa mkekani, kajifunga leso ya manjano, mfuko uko mkono wa kushoto. Nidhi alikaa pembeni na kalamu. Talib akasimama kizingitini.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuomba radhi."

"Simu imelia mara kumi na tatu."

"Hukupokea hata moja."

"Nilikuwa nasikiliza inavyolia. Vizuri tu, ilikuwa inanituliza." Midomo ilitaka kucheka, akaizuia. "Kaa hapo. Mikono iweke chini ya mapaja."

"Rukaiya…"

"Chini ya mapaja, Fundi Talib. Uikalie."

Akaikalia. Kijiko kikaingia kwenye wali, kikapinda, kikamwaga. Cha pili kikamwaga. Mchuzi ukapita kidevuni ukadondokea leso, na bega la Talib likaruka lenyewe.

"Talib!"

"Naam."

"Mikono."

Akairudisha. Jasho likamwingia machoni, au halikuwa jasho, na hakuweza kujipangusa. Kijiko cha tisa kilitetemeka hewani muda mrefu, kikafika. Punje sita za wali, pengine saba. Rukaiya akazitafuna kama anatafuna nyama ya harusi.

"Leo utarudi nyumbani?" Talib aliuliza, sauti ndogo.

"Nikimaliza sahani hii. Na utangoja hivyo hivyo."

"Nitangoja."

"Hata ikifika Isha?"

"Hata ikifika alfajiri, mke wangu. Ganzi imeshaniingia, sina pa kwenda."

Hapo Rukaiya akacheka, macho yamejaa utani ule wa Mlandege, na Mwatum akacheka jikoni bila kujua kinachochekwa. Kisha Rukaiya akautazama mkono wake wa kulia, vidole vimekunjika kwenye sponji. Alipoinua uso hasira ilikuwa imekwisha, na hilo ndilo lililomuumiza Talib zaidi. Aliwatazama wote wawili, mumewe na binti wa tiba, akauliza swali ambalo Nidhi alilipokea kwa kuinamisha kichwa, na Talib mpaka leo analala nalo na kuamka nalo:

"Ningeachwa nimwage tokea siku ile ya tatu, sasa hivi ningekuwa nashona?"