Pipa la Saba la Barsac

Pipa la saba lilikuwa tupu. Divai yake tamu, lita mia mbili na ushee, ilikuwa imetapakaa sakafuni mwa ghala la shamba la mizabibu la Barsac. Mlangoni, komeo lilikuwa limeng'olewa.

Inspekta Solange Dubernet alichuchumaa. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na ukungu wa Mto Ciron ulikuwa bado umelala juu ya mizabibu.

"Mwizi hubeba," alisema. "Huyu kamwaga. Kwa nini?"

"Wivu tu, Afande," alijibu Firmin Lassère, mtunza ghala, aliyetengeneza divai hapo kwa miaka thelathini na mmoja. "Leo wanunuzi wanakuja kuonja. Mtu kataka tuaibike."

"Ni yule jirani anayeshindana nasi kwa wanunuzi," alidakia Hélène Castaing, mwenye shamba. "Mkamateni kabla hajatoroka."

Solange alisogea mlangoni. Alilikagua komeo. Alama za nondo zilikuwa upande wa ndani wa mlango. Aliyeling'oa alikuwa tayari ghalani, na ghala lilikuwa na funguo mbili tu: mmoja wa Hélène, mwingine wa Firmin.

Akaingiza mrija ndani ya pipa, akavuta mashapo yaliyobaki chini, akayamimina kwenye bilauri. Alinusa. Akanusa tena. Kisha akamgeukia Firmin.

"Mzee, hii divai ilikuwaje?"

"Bora kuliko zote."

"Hebu nusa."

Firmin alizungusha bilauri kwa ustadi, akafumba macho. "Asali. Ganda la chungwa. Zafarani kwa mbali."

Hélène aliipokea, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Firmin, hii ni siki."



"Pua yako imekufa tangu lini?" Solange aliuliza kwa upole.

"Tangu ile homa ya Februari." Mzee aliketi juu ya kreti. "Nilidhani itarudi. Siku moja mkate uliungua mbele yangu, mke wangu ndiye aliyekuja mbio. Juzi akashika shati langu: 'Mbona unanuka siki?' Hapo nikajua kuna pipa limeharibika. Nikaonja yote. La saba likanichoma ulimi."

"Ukalimwaga, ukavunja mlango."

"Ndiyo. Wasije wakalionja."

"Mbona hukuniambia?" Hélène aliuliza.

"Nikuambie nini, binti yangu? Baba yako aliajiri pua. Bila pua mimi ni nani humu?"

"Na jirani?" Solange alisema. "Ungemwacha apakiwe kwenye gari la polisi?"

Firmin aliinamisha kichwa. "Aliposhutumiwa nilinyamaza. Hilo ndilo ninaloona haya kuliko yote."

"Utaandika maelezo, pamoja na hilo. Kudanganya polisi ni kosa."

"Nitaandika."

Hélène alichukua bilauri safi na kuzibua pipa la kwanza. Alinusa muda mrefu.

"Hili zima," alisema. "Onja, uniambie ulimi unasemaje. Mimi nitanusa."