Kanda ya Mwisho ya Inspekta

Kisa hiki huwa nakisimulia kama kilichomkuta shangazi yangu. Ni fundi cherehani, na yeye hatupi kitu. Ana mabaki ya vitambaa vya harusi za watu walioachana zamani. Ana vifungo makopo kwa makopo. Na juu ya kabati la sebuleni alikuwa na kanda za video thelathini na nne, zimepangwa kwa namba, za mchezo mmoja wa upelelezi uliotamba kwenye televisheni nilipokuwa mtoto.

Kanda zilikuwa za marehemu mumewe. Kwa kazi alikuwa fundi saa, lakini mtaa mzima ulimwita Inspekta kwa jinsi alivyoupenda mchezo ule. Naye akamwita mkewe Bibi Sindano. Mimi walinilea wao.

Mchezo ulioneshwa Jumamosi alasiri, Inspekta akiwa dukani. Deki iliurekodi peke yake, televisheni imezimwa, na ilikuwa mwiko mtu kuchungulia. Jumapili saa kumi ndipo walipoketi kuangalia. Kila kipindi kiliishia vilevile: mpelelezi, mzee mrefu mwenye koti jeusi, aliwakusanya watu wote chumbani, akafunga mlango, akasema, "Muuaji yumo humu ndani." Hapo Inspekta alisimamisha kanda. Kila mmoja aliandika jina kwenye kikaratasi, akakikunja, akakitia ndani ya jalada la kanda. Aliyekosea alipika chai. Walizirudia kanda na kusimamisha mahali hapohapo mara nyingi hata zikachoka, picha ikawa na chenga, kama mvua inanyesha ndani ya chumba kile.

Mwaka jana nilimtafutia shangazi fundi wa kufufua deki. Mimi ni muuguzi. Nikitoka zamu ya asubuhi nilikuwa nampitia, saa kumi tunaangalia. Majalada yalikuwa bado na vikaratasi vyao. Mwandiko wa Inspekta ulikuwa mdogo kama miguu ya sisimizi, mwandiko wa mtu aliyezoea kushika skrubu za saa.

"Tazama, huyu mwanamume alimshuku mpishi vipindi sita mfululizo," shangazi alicheka. "Sijui mpishi alimkosea nini!"

"Labda alikuwa anapenda kukupikia chai."

"Chai yake? Mwanangu, ile ilikuwa maji ya kuoshea vikombe."

Tulicheka hivyo hadi kanda ya thelathini na tatu. Ya mwisho ilikuwa imezungushiwa selotepu. Shangazi aliishika mapajani, hakuifungua.

"Jumamosi ile," alisema taratibu, "alikuwa chumbani, moyo unamsumbua. Nikavunja mwiko. Nikawasha televisheni nichungulie kidogo tu. Akaniita. Nikamwambia asubiri, mpelelezi anamtaja mtu. Nilipokwenda, alikuwa ameshapoa." Akagusa selotepu kwa kucha. "Miaka ishirini najiuliza. Ni mimi niliyemuua?"

"Shangazi, ulikuwa moyo."

"Dawa alikunywa. Wewe ndiye uliyempelekea. Si ulimpelekea?"

"Nilimpelekea," nikasema.

Nilikuwa na miaka saba siku ile.

Alikata selotepu kwa mkasi wake wa kazi. Akatoa kanda, tukatazama ndani ya jalada. Tupu. Niliingiza hata kidole.

Kanda ikaanza. Muziki uleule, koti lilelile. Nje mchana ulikuwa mweupe, jirani anafua, maji yanamwagika. Mpelelezi akawakusanya watu wake. Akafunga mlango. Akafumbua kinywa.

Picha ikasimama.

Rimoti ilikuwa mezani. Hakuna aliyeigusa.

"Imechoka," nilinong'ona.

"Hii? Hii haijawahi kuangaliwa hata mara moja."

Chenga zikaanza kunyesha. Na ndani ya chenga, sauti. Ya mbali, kama iko nyuma ya ukuta.

"Bibi Sindano... hebu njoo."

Shangazi akanishika mkono. Deki hurekodi kinachotoka kituoni. Hairekodi nyumba. Hairekodi mtu anayeita kutoka chumbani.

"Subiri, anamtaja!" Hiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe. Changa. Yenye furaha.

Kisha kimya. Kisha kitu kidogo kikaanguka. Tik. Na kingine. Tik.

"Hicho ni nini?" aliuliza.

"Sijui."

Nilijua.

Chenga zikatulia. Mpelelezi alibaki palepale, kinywa wazi, anawatazama watu wake. Anangoja. Nilibonyeza rimoti. Hakuna. Nikachomoa waya ukutani. Picha haikuzimika.

"Anataka jibu," alisema shangazi. Hakuwa na hofu tena. Alikuwa na uchovu. Alichukua penseli ya kuchorea vitambaa, akaandika neno moja, akanionesha. *Mimi.* Akakunja kikaratasi, akakitia ndani ya jalada, akalifunga.

Tulingoja. Jirani aliacha kufua.

Shangazi akafungua jalada. Vikaratasi vilikuwa viwili.

Cha pili kilikuwa na mwandiko wa miguu ya sisimizi. *Umekosea. Chai ni yako.*

Sijawahi kumwona mtu akilia vile. Alilia huku akicheka, akakibusu kikaratasi, akakitia kifuani. "Mwanamume huyu!" alisema. "Hata huko! Hata huko anadai chai!" Akainuka, mwepesi kama msichana, akaenda jikoni. Nikasikia sufuria. Nikasikia anaimba.

Mimi nilibaki.

Picha haikuendelea.

Inspekta ameshasema shangazi amekosea. Kwa nini kanda haiendelei?

Nikainua macho. Mpelelezi hakuwa akiwatazama watu wake tena. Alikuwa amegeuka. Alitazama sebuleni. Alinitazama mimi. Na sauti iliyotoka haikuwa ya mwigizaji.

"Yumo humu ndani."

Ndani ya jalada palikuwa na kikaratasi kingine. Cheupe. Hakijaandikwa.

Vidonge viwili. Siku ile shangazi aliniwekea kiganjani jikoni, na glasi ya maji mkono wa pili. Mpelekee Inspekta, haraka. Nilifika mlangoni mwa sebule. Nikasikia ule muziki. Sikuwahi kuruhusiwa kuangalia. Nikadondosha vidonge nyuma ya kabati, kimoja, kingine, nikanywa maji mwenyewe, nikakaa nyuma ya shangazi kuangalia.

Nikachukua penseli. Niliandika. Nilikunja. Niliweka.

Deki ikanguruma. Kanda ikaenda, chenga tupu, hadi mwisho, na televisheni ikazimika.

Shangazi aliingia na vikombe. "Vipi, mbona umekauka? Alitajwa nani?"

"Iliharibika, shangazi. Hakutajwa mtu."

"Bora," alisema. Tangu siku hiyo analala usingizi wa mtoto. Sijamwambia. Ndiyo maana huwa nasema kisa kilimkuta yeye.

Kabla ya kuondoka nilichukua jalada nilirudishe juu ya kabati. Kitu kikalia ndani. Tik. Tik.

Nikalifungua. Kikaratasi changu hakikuwemo. Hadi leo hakijaonekana. Palikuwa na vidonge viwili vyeupe, vya aina ambayo hospitali yetu iliacha kuitoa miaka mingi iliyopita.

Vilikuwa na joto. Kama vimetoka sasa hivi kwenye kiganja cha mtoto.