Daftari la Mkunga

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani, na mkono wake haukuvumilia kitu kilichojikunja. Asubuhi hiyo alimaliza kunyoosha sare za wateja, pasi ingali moto. Akalifungua daftari kuukuu la mkunga wa mtaa, kurasa zake zimejikunja. Akainyanyua pasi.

"Wee! Weka chini!" Jirani yake, mkutubi wa maktaba, alikuwa mlangoni na sketi ya kupunguzwa kiuno. "Unapiga pasi kumbukumbu za watu?"

"Si ili zisomeke, jirani?"

"Moto utakausha karatasi ikatike vipande. Sketi yangu ingoje. Lete hilo daftari."

Bibi yake Mama Sindano alicheka kitini. "Mwambie! Siku moja atanipiga pasi na mimi."

Alicheka, lakini moyo haukucheka. Mkunga, marehemu sasa, alimwachia Bibi daftari hilo, naye Bibi hakujua kusoma. Humo mliandikwa kila mtoto aliyezaliwa mikononi mwa mkunga. Alikuwamo Bibi mwenyewe, na pia mdogo wake, aliyechukuliwa na shangazi yao angali mchanga. Shangazi akahama, habari zikakatika. Bibi alitaka kumwona mdogo wake kabla macho hayajazima.

"Tuliingize mtandaoni," alisema mkutubi. "Huenda naye anakutafuta."

"Kila mtu atasoma habari zangu?" Bibi aliuliza.

"Hapana, Bibi. Walio hai hufichwa. Anayetafuta ndugu hujaza jina lake, jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Vyote vikilingana na vyetu, maktaba hupata taarifa. Nayo huwauliza wote wawili kwanza. Unakubali?"

"Nimefichwa miaka sabini na tano, mwanangu. Nitoeni!"

Kazi ikaanza mezani, karibu na dirisha. Mikono mikavu, hakuna chai karibu. Mama Sindano alipiga picha kila ukurasa kwa simu, mbele na nyuma, bila kuwasha taa yake. Kila picha ikapewa namba.

Kisha, mchana baada ya mchana, alikaa kwenye kompyuta ya maktaba akitengeneza faharasa, yaani orodha ya kuonyesha jina lipi liko ukurasa upi. Aliandika mtoto, mama, tarehe, ukurasa. Alikuwa na hamu ya kujua kila mmoja. Huyu aliyezaliwa sokoni, yuko wapi leo? Na huyu wa siku ya mvua?

Ukurasa wa arobaini na moja, akasita kidogo. Halafu akaendelea.

Orodha ikaingizwa mtandaoni. Miezi mitatu ikapita. Kimya. Bibi akaacha hata kuuliza.

Siku moja mkutubi alikuja na kompyuta ndogo. Alikuwa akilinganisha picha na orodha, mstari kwa mstari.

"Jirani, picha ya ukurasa wa arobaini na moja inaonyesha Bibi na mdogo wake wana tarehe moja. Wewe umemweka mdogo miaka miwili mbele. Kwa nini?"

"Mkunga alikosea! Mdogo mtu atazaliwaje siku moja na mkubwa wake? Nikanyoosha."

"Umepiga pasi tena! Andika unachokiona, si unachokijua. Ukiona shaka, orodha ina sehemu ya maelezo. Sasa soma nyuma ya ukurasa."

Mama Sindano akaitazama picha. Akasoma polepole: "Mapacha. Wa pili mdogo sana, analia kwa nguvu."

Bibi alishika mkono wa kiti. "Pacha? Wazee wakanificha ili nisimlilie! Na mkunga naye, mdomo wake haukutoa ya watu."

"Nisamehe, Bibi. Miezi mitatu nimekupotezea."

"Rekebisha kwanza, mjukuu wangu. Utalia baadaye."

Tarehe ikarudishwa kama ilivyoandikwa.

Siku ya nne mkutubi akaja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa. Kuna mwanamke alikuwa amejaza majina yaleyale na tarehe ile tangu mwaka uliopita. Akaulizwa, akakubali. Bibi naye akakubali kabla swali halijaisha.

Juma lililofuata gari lilisimama mlangoni. Alishuka mwanamke mfupi, akamwendea Bibi.

"Kumbe ndiwe uliyenitangulia," alisema.

"Na wewe ndiwe mwenye makelele," Bibi alijibu.

Walikaa shavu kwa shavu. Mama Sindano akawatazama: mistari ileile ya paji la uso, mikunjo ileile pembeni mwa macho. Kwa mara ya kwanza aliona mikunjo ambayo mkono wake haukutamani kuinyoosha.