Mpangaji wa Saba

"Nusa," alisema Mama Pacha, akimsogezea fundi gauni hadi puani. "Nusa mwenyewe, usije ukasema nimekuonea."

Fundi hakunusa. Hakukuwa na haja. Harufu ya mkojo wa paka ilikuwa imeshatufikia sote tuliojazana ukumbini, kila mtu mlangoni kwake.

"Nitakushonea jingine, mama."

"Kwa kitambaa gani? Hiki dada yangu alinitumia kwa ajili ya harusi yake. Harusi Jumamosi, leo Jumatano. Unataka niende nimejifunga shuka?"

"Ukijifunga shuka watu watakutazama wewe, wamsahau bibi harusi," akasema mzee mstaafu wa chumba cha nne.

"Wewe baba, pumzika na pensheni yako." Mama Pacha akamgeukia tena fundi. "Ilianza suruali ya dereva. Ikafuata sare ya mtoto wa watu. Leo mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, fundi, na wewe unakilaza kwenye kikapu cha nguo zetu. Chagua. Paka au wateja."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo nikitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu asiyehusika. Shikeni hilo, majirani zangu, kwa maana hadithi hii ni ya paka, lakini aibu yake ni yangu.

Nyumba yetu ina vyumba sita, ukumbi mmoja mrefu, bafu moja, na karatasi ya zamu ya usafi iliyobandikwa mlango wa bafu. Fundi cherehani anakaa chumba cha kwanza, peke yake na mashine yake dirishani. Mimi msusi nakaa cha pili. Miaka tisa tumetenganishwa na ukuta mwembamba. Akipiga chafya, namwombea afya kitandani kwangu.

Wiki tano kabla ya ugomvi ule, fundi alipeleka mapazia kwenye kituo cha kutunzia wanyama waliotupwa. Huko akamwona paka wa kijivu, sikio moja limekatika, amekaa nyuma kabisa ya kizimba na uso ameuelekeza ukutani. Kadi iliyoning'inia mlangoni ilisema: Amerudishwa mara mbili. Sababu: mchafu. Mtunzaji wa kituo hakumficha kitu. Alimwambia atampa paka kwa siku arobaini za majaribio, kisha ataamua kumchukua moja kwa moja au kumrudisha. "Ila akirudi mara ya tatu," alisema, "sidhani kama yupo atakayemtaka tena. Atazeekea hapo ukutani."

Basi akaja naye. Mzee mstaafu akampa jina siku hiyohiyo: Mpangaji wa Saba. "Halipi kodi na hafagii," alisema, "lakini angalau hapigi redio." Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Paka alikaa chini ya meza ya cherehani, akaanza kutoa pua, kisha kichwa, na wiki ya pili akalala juu ya mguu wa fundi huku mashine ikinguruma. Watoto pacha walipita mlangoni kwa ncha za vidole ili wasimwamshe. Mnajua watoto wale walivyo. Kwao huo ni muujiza.

Kisha akaanza kukojoa kwenye kikapu cha nguo zilizokwisha kushonwa.

Hapa ndipo mdomo wangu ulipoingia kazini. Kusuka kichwa kimoja kunachukua saa nne, na saa nne ni nyingi kwa mtu kama mimi. Nilimwambia mteja wa kwanza kwamba paka wa fundi ana kasoro. Wa pili nikamwambia amerudishwa mara mbili, na mtu harudishwi bure. Wa tatu nikamshauri asipeleke nguo kwanza, asubiri mnyama aondoke. Sikuwa na chuki, wallahi. Nilidhani nawasaidia. Lakini maneno yalitoka kibarazani kwangu yakafika sokoni kabla ya mteja hajafunga kilemba, na kikapu cha fundi kikaanza kuonyesha sakafu yake.

Jioni ya ugomvi ule nilimfuata chumbani. Alikuwa akifumua gauni la Mama Pacha upande wa chini, uzi kwa uzi, na paka amejibana nyuma ya mashine.

"Kesho nampigia mtunzaji aje na kizimba," alisema bila kuinua macho.

"Umefanya lako, shoga. Hakuna wa kukulaumu."

"Wazazi wangu walipofariki nililelewa nyumba tatu." Aliendelea kufumua. "Kila nilipohamishwa nilisimama mlangoni na mfuko wangu, nikawasikia wakubwa wakinong'onezana: huyu anakojoa kitandani. Kwa shangazi hivyo, kwa mjomba hivyo. Hakuna aliyeniuliza naogopa nini. Kesho mimi ndiye nitakayesimama mlangoni niseme, huyu ni mchafu."

Nikamuaga, nikarudi chumbani kwangu.

Alhamisi mtunzaji akaja, kijana mrefu mwenye mikwaruzo mikononi. Ilikuwa zamu yangu ya usafi. Aliponikuta nimechuchumaa ukumbini, nilikuwa nimemwaga mchanga wote wa beseni la paka, choo chake kilichowekwa pale ukumbini, na ninalisugua kwa ile dawa ya choo ambayo ukiifungua tu machozi yanakutoka.

Akasimama. Pua yake ilicheza.

"Samahani dada, hilo ndilo beseni lake?"

"Ndilo."

"Na unaosha kwa dawa hiyo mara ngapi?"

"Kila siku," nikasema kwa fahari. "Kila mwenye zamu. Nyumba hii huwezi kukuta uchafu."

Akaweka kizimba chini taratibu. "Dada, wewe ungeingia choo kinachokuchoma macho, kipo katikati ya njia, na kila siku mtu anakifanya kigeni kwako? Pua ya paka si kama yetu. Mnamfukuza kwenye choo chake, naye anatafuta penye ulaini na utulivu. Tena dawa kali namna hii inaweza kumdhuru akiilamba miguuni." Akatazama milango iliyokuwa imefunguka mmoja mmoja. "Huenda hata kule alikotoka walikuwa wakimwagia vitu kama hivi. Sikuwahi kuuliza. Niliandika tu walivyoniambia."

"Mimi nilidhani mnanisaidia," fundi akasema. "Niliona aibu kuwaambia waache."

"Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha," akanong'ona mzee. "Nani aliyeanzisha haya mambo ya dawa?"

Majirani, pale palikuwa na mwanya. Karatasi ya zamu ilikuwa na majina sita. Ningeweza kusema sikumbuki, nao wangeamini, kwa sababu mimi ndiye huwa nawakumbusha wao. Lakini chini ya karatasi yalikuwepo maneno: "Na beseni la paka, kila siku, KWA DAWA." Mwandiko wangu. Na hata kama usingekuwa wangu, nilimwona fundi amemkumbatia yule mnyama kwa mikono miwili, kama anayengoja kunyang'anywa.

"Ni mimi," nikasema.

Fundi akanitazama. "Na yale wanayoambiwa wateja wangu?"

"Pia mimi."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alimgeukia mtunzaji akauliza, "Zimebaki siku ngapi?"

"Tano."

"Niachie." Akaingia na paka wake, akafunga mlango polepole, na komeo nikalisikia likiingia mahali pake.

Kizimba kiliondoka kitupu. Fundi akaweka beseni jipya chumbani kwake, nyuma ya pazia, mchanga mtupu, akitoa uchafu kwa kijiko na kuosha kwa maji na sabuni kidogo. Siku ya kwanza kikapu kikavu. Ya pili, kikavu. Siku ya tano alitia sahihi. Gauni nalo alilikata upande ulioharibika, akaunga pindo la kitambaa kingine kilichooana nalo rangi. Mama Pacha alirudi harusini akitembea kama mwenye shughuli yeye. "Wameniuliza fundi ni nani," alitangaza ukumbini. "Nikawaambia ni yule mwenye paka."

Mimi nilianza upya, kichwa hadi kichwa, nikieleza kila mteja kwamba kosa lilikuwa langu. Nikagundua jambo: umbea wa kuharibu unakimbia, wa kutengeneza unatembea na mkongojo. Wengine walicheka. Wawili walihama wakaenda kusukwa kwingine. Lakini polepole nguo zikarudi kikapuni.

Funzo ninalowaachia

Msiseme mtu au mnyama ni mbaya kabla ya kuuliza anapitia nini mikononi mwenu. Aliyerudishwa hajathibitika kuwa na kasoro. Pengine waliompokea hawakumsoma. Anayeleta kiumbe nyumbani kwake ajifunze mahitaji yake, na sisi majirani tusimsaidie kwa kelele kabla ya kumuuliza msaada gani anautaka. Na ukikosea, kiri mapema, tena mbele ya walewale uliowaambia. Vituo vile bado vimejaa wanyama walioigeuzia dunia mgongo. Mwenye nafasi aende akamchukue mmoja, na mwenye mdomo kama wangu aufunge siku arobaini.

Mtaniuliza mimi na fundi tuliishia wapi. Wiki tatu tulikuwa watu wa salamu tu. Habari, nzuri, basi. Ukuta uleule mwembamba ukawa mnene kama wa benki. Kisha mchana mmoja wa zamu yangu, nikiwa nafagia ukumbi kwa maji matupu, mlango wa chumba cha kwanza ukafunguka. Paka akatoka kwanza, akakaa juu ya mguu wangu.

"Shoga," fundi akaita kutoka ndani.

"Naam."

"Acha huo ufagio. Nawa mikono uingie, chakula nimeshapakua cha wawili."