Mafuta ya Jikoni kwa Kunegunda

JUMATANO. SAA KUMI JIONI.

Bombambili, chumba cha nyuma kwa Mama Kunegunda. Mbele watu wanakula kitimoto, nguruwe wa kukaanga. Nyuma wanaume watatu wamekalia magunia ya mkaa, bunduki iko katikati yao juu ya sinia.

Pankrasi ndiye mkubwa wao. Alichora barabara kwa kidole kwenye vumbi.

"Hapa Madaba. Hapa kona. Kesho saa moja anapita tajiri wa mawe ya thamani ya Tunduru, mfuko kauweka miguuni. Dereva wake ni Mathias, shemeji yangu, yuko na sisi. Atasimama kama gari lina pancha. Saimon, pikipiki. Bakili, bunduki. Mna neno?"

"Bunduki yenyewe," Bakili alisema. "Ukivuta triga hairudi."

Kweli. Ukiivuta inabaki nyuma bila mlio, kama imekufa. Pankrasi akafungua skrubu, akatoa kutu kwa kitambaa. Akavuta. Bado.

"Inataka mafuta."

"Kanunue ya cherehani," Bakili alisema, akatoka kuswali Alasiri.

Pankrasi hakwenda dukani. Alikwenda jikoni na kijiko, akarudi nacho kimejaa.

Saimon akacheka. "Bakili akijua?"

"Nani atamwambia? Wewe?"

Bakili aliporudi, triga ilikuwa inakwenda na kurudi pale pembeni ya jiko la mkaa lililowashwa chumbani. Ka. Ka. Ka.

"Umeweka nini?"

"Mafuta."

Basi, yakaishia hapo.

ALHAMISI. SAA 12:20 ASUBUHI.

Madaba, mwezi wa saba. Ukungu. Vidole havikunjiki. Pankrasi alikuwa ameshuka kuangalia barabara. Bakili akajaribu bunduki bila risasi. Triga ikaenda nyuma ikabaki huko.

Akafungua. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, kimeganda kama mshumaa. Akanusa.

"Saimon. Hii ni nguruwe."

"Umeambiwa uivute, mzee. Hujaambiwa uilambe."

Saimon akajifunika koti kichwani, akasinzia. Bakili alifuta mikono kwenye majani. Akafuta tena. Kisha akaisogeza bunduki kwenye injini ya pikipiki, bado ilikuwa ya moto. Mafuta yakayeyuka, yakadondoka. Akavuta. Ka. Ikarudi. Akavuta tena. Ikarudi.

Dawa ilikuwa moto tu.

SAA 12:50.

Pankrasi akapanda kutoka barabarani, anapuliza viganja.

"Mfuko ukishatoka, tajiri mwache. Mathias mpige."

Bakili alifikiri amesikia vibaya. "Shemeji yako?"

"Anakunywa. Akinywa anasema."

"Na Devota?"

"Devota ni mdogo wangu, namjua. Ataolewa tena."

"Hukusema hivyo jana."

"Nasema leo. Au umekuja huku kuchuma uyoga?"

Bakili akapapasa risasi mfukoni. Zuhra mke wake alipozidiwa na uchungu, Mathias ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari la tajiri bila ruhusa, akampeleka hospitali. Mtoto anatembea sasa. Bakili aliliwaza hilo kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Hakusikia hasira, wala huruma. Alisikia baridi.

Akatia risasi, Pankrasi akiangalia. Pankrasi alipogeuka, akailaza bunduki kwenye majani yenye umande. Akaiacha hapo mpaka aliposikia gari.

SAA 1:10.

Gari likaja polepole, likasimama kwenye kona. Mathias akashuka, akapiga tairi teke, kama alivyofundishwa. Wakatokea. Tajiri hakubishana, alirusha mfuko dirishani. Saimon akaudaka. Mathias alikuwa amenyoosha mikono juu, anaigiza bado, anatetemeka kuliko tajiri wake.

"Mpige," Pankrasi alisema.

Bakili akalenga. Akavuta. Kimya.

"Imegoma."

"Vuta!"

"Imegoma, bwana."

Mathias akashusha mikono. "Shemeji?"

Pankrasi hakumtazama. Alimnyang'anya Bakili bunduki, akavuta, akavuta, akaitupa. Akachomoa panga kiunoni. Mathias alikuwa ameshaingia garini. Lile gari liliruka mbele, bampa likamchota Pankrasi mguu, mfupa ukalia. Likapotea kwenye ukungu kuelekea polisi.

Saimon aliwasha pikipiki. Hakuwaangalia wote wawili. Akaondoka na mfuko, njia ya Njombe.

Bakili hakukimbia. Alikaa ukingoni mwa barabara, karibu na Pankrasi aliyekuwa anaguna. Walikaa hivyo hivyo mpaka Landrova ya polisi ikafika.

SAA NANE MCHANA.

Kituoni. Bunduki ilikuwa mezani chini ya dirisha, jua limeipiga tangu saa tano. Pankrasi alikuwa sakafuni, mguu umefungwa kwa kanga na vijiti viwili. Gari la kumpeleka hospitali lingepatikana kesho.

Afande alihakikisha haina risasi, akavuta triga. Ka. Akavuta tena. Ka.

"Mbona nzima? Dereva kaandikisha iligoma."

Pankrasi akainua kichwa. Alitazama bunduki, na kitone cha mafuta kilichotambaa mezani. Kisha akamtazama Bakili.

"Ulijua."

"Nilijua," Bakili alisema.

Afande hakuelewa, na hakuuliza. Alichukua funguo ukutani. Kituo kile kina chumba kimoja tu cha mahabusu. Alimwambia Bakili amshike mwenzake kwapani, amsaidie kuingia.